Kibwagizo Kilichowatenga Kanga na Kororo

Zamani sana, jamani, zamani ambayo hata mlima Kivumo ulikuwa bado kijana, hapakuwa na kanga wala kororo. Palikuwa na ndege mmoja tu, taifa moja, jina moja. Mwili wake mweusi ulitapakaa madoa meupe kama unga uliomwagikia kaniki, na kichwa chake kilikuwa laini, hakina pembe wala kishungi. Leo ukimwona kanga mbugani na pembe yake utosini, kisha ukamwona kororo msituni na nywele zake za kujikunja, utasema hawa ni ndugu waliogombea urithi. Hawakugombea. Sikilizeni yaliyowapata, maana ni makubwa!

Ndege hao walikuwa na wimbo. Haukuwa wimbo wa ngoma wala wa kazi, ulikuwa wimbo wa yai. Jike akishataga, alikaa upande huu wa kiota na mumewe upande ule, wakaimba kwa pamoja, na yai katikati likasikiliza. Ulikuwapo ubeti wa jicho, ubeti wa mguu, ubeti wa bawa, ubeti wa moyo. Yai likisikia sauti mbili zimekutana katika ubeti wa jicho, lilifanya jicho. Zikikutana katika ubeti wa mguu, lilifanya mguu. Na baina ya ubeti na ubeti palikuwa na kibwagizo: doa, doa, doa, doa, neno lile lile moja likirudiwa na kurudiwa mpaka waimbaji wapate pumzi ya ubeti unaofuata.

Beti zilitunzwa kama mboni ya jicho. Mama aliyekosea neno moja la ubeti wa mguu aliangua kifaranga kiguru, kwa hiyo hapakuwa na mzaha. Lakini kibwagizo! Nani ahangaike na kibwagizo? "Hicho ni cha kuvutia pumzi tu," wakubwa walisema. "Hakina neno ndani yake." Mmoja akisinzia na kurudia zaidi, mwingine akiwa na haraka na kuruka kidogo, hakuna aliyegeuka kumtazama, kwa kuwa kifaranga alitoka mzima vile vile, na mkosaji na mwenziwe walikuwa wakiimba bega kwa bega, huyu akimfuata yule.

Ndipo ukaja mwaka wa moto. Jua lilikausha majani hata yakalia yenyewe chini ya miguu, radi ikapiga bila mvua, na msitu ukashika moto katikati ya tumbo lake. Ndege walikimbia kila mmoja alikoelekeza mdomo. Waliokuwa juu wakapanda mlimani, kwenye miti mikubwa yenye unyevu. Waliokuwa chini wakateremkia mbugani, kwenye nyasi na vichuguu. Moto ulipozimika, palibaki baina yao uwanja wa majivu ambao hakuna aliyethubutu kuuvuka. Wa juu wakasema, "Ndugu zetu wa chini wameungua." Wa chini wakasema, "Ndugu zetu wa juu wameungua." Wakaliliana, wakaomboleza, kisha wakazoea. Vizazi vikapita juu ya vizazi, hata habari ya ndugu wale ikabaki kama ndoto iliyosimuliwa na mtu mwingine.

Katika ukoo wa mbugani akazaliwa Mashavu. Alikuwa jike mwepesi wa miguu na mwepesi wa maneno, na akiuliza jambo haachi mpaka ajibiwe. Alilelewa na bibi yake, Bibi Tumwani, ambaye mara nyingi alimwambia, "Mjukuu wangu, wewe ungezaliwa jogoo tungekosa usingizi alfajiri." Mashavu alicheka, akauliza swali jingine.

Mwaka mmoja mvua zilikubali. Uwanja wa majivu ulikuwa umekwisha kuota vichaka, na vichaka vikaota miti. Asubuhi moja kumbikumbi waliruka kwa wingi, na Mashavu akawafuata akila, akisogea, akila, akisogea, mpaka akainua kichwa na kujikuta chini ya miti mikubwa ambayo hajapata kuiona. Mbele yake majani makavu yalikuwa yakirushwa. Mtu alikuwa akipekua! Mashavu akachungulia. Dume mmoja alikuwa pale, mweusi, mwenye madoa meupe toka shingoni hadi mkiani.

"Wewe!" Mashavu akamaka. "Ni nani wewe unayevaa nguo yangu?"

Yule dume aliruka, akageuka, akabaki mdomo wazi. "Nguo yako? Hii nimezaliwa nayo! Wewe ndiye uliyevaa yangu." Akamzunguka, akimtazama doa kwa doa. "Kwetu wanasema watu wa chini waliungua wote."

"Na kwetu wanasema watu wa juu waliungua wote."

Walitazamana. Kisha wakaanza kucheka, kicheko kile kisicho na breki, hata mabawa yao yakapiga chini. Dume akasema jina lake ni Shekivuli. Mashavu akasema jina lake. Halafu bila hata kuagana, huyu akakimbilia mlimani na yule akakimbilia mbugani, kila mmoja akipiga kelele njia nzima: "Wapo! Wapo hai! Wapo!"

Aisee, siku mataifa yale mawili yalipokutana, vumbi lilipanda mpaka juu ya miti! Vigelegele huku, vigelegele kule. Wazee walishikana shingo wakalia. Wakajaribiana kama ni ndugu kweli: wa mlimani wakaanza ubeti wa jicho, wa mbugani wakaudaka na kuumaliza, neno kwa neno, bila kupungua wala kuzidi. Wakaimba ubeti wa mguu, ukawa ule ule. Ubeti wa moyo, ule ule! Kibwagizo hawakukiimba, kwani katika sherehe nani hupoteza muda na kibwagizo? "Damu moja!" wakapaza sauti. "Damu moja!" Na kabla mvua hazijakatika, vijana wengi wa mlimani walikuwa wameoa mbugani, na wa mbugani wameoa mlimani. Wa kwanza wao walikuwa Mashavu na Shekivuli.

Mashavu akahamia msituni kwa mumewe. Mavyaa wake Bi Luziga, mama wa Shekivuli, ndiye aliyesikilizwa kuliko wote katika msitu ule, naye alimpokea kwa mikono miwili. Alimtandikia kiota mwenyewe, kwa majani mateule, chini ya mzizi usiopitisha mvua. Mashavu akataga. Akakaa upande huu, Shekivuli upande ule, wakaimba wimbo wa yai kwa furaha iliyowazibua koo. Wakaatamia. Wakangoja.

Mayai yakawa viza.

Bi Luziga akamfariji: "Uzazi wa kwanza una mitihani yake, mwanangu." Mashavu akataga tena. Wakaimba tena, safari hii kwa uangalifu, kila neno la kila ubeti mahali pake. Kibwagizo kikiwapishana, nani ajali, si cha kuvutia pumzi tu? Mayai yakawa viza tena. Na hapo habari zikaanza kumiminika kutoka viota vingine. Yule aliyeoa mbugani, mayai viza. Yule aliyeolewa mlimani, mayai viza. Kila palipokuwa na ndoa ya juu na chini, pakawa na kilio. Na waliooana wa juu kwa juu, au wa chini kwa chini, vifaranga wao walikimbia huku na huko kama kawaida.

Maneno yakaanza kunong'onwa, kisha yakasemwa, kisha yakapigiwa kelele. Wa msituni wakasema watu wa mbugani walipitia majivuni wakabeba laana ya moto miguuni. Wa mbugani wakasema watu wa msituni wanaroga gizani chini ya miti yao. Madume wakaanza kunoa kucha kwenye mawe. Bi Luziga akaitisha baraza, naye hakupepesa macho.

"Huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuvuka uwanja wa majivu," alisema, akimwelekezea Mashavu mdomo wake. "Tasa ameingia kwetu na utasa wake, akatuambukiza. Kesho asubuhi kila mmoja arudi kwao. Atakayevuka tena, atakutana na kucha zetu."

"Mama!" Shekivuli akasimama. "Huyu ni mke wangu!"

"Na mimi ni mama yako. Keti."

Neno lile, tasa, lilimwingia Mashavu kama mwiba unaokatikia ndani. Aliondoka barazani akaenda kumuaga wifi yake, dada wa Shekivuli, aliyempenda tangu siku ya kwanza. Alimkuta yeye na mumewe, wote wa msituni, wameketi kwenye kiota chao wakiyaimbia mayai mapya. Hawakuweza kukatiza wimbo, kwa hiyo wifi akampa ishara tu ya jicho: keti, dada, ngoja.

Mashavu akaketi. Akaona bora aimbe nao chinichini, aage kwa wimbo. Ubeti wa jicho wakaumaliza pamoja. Doa, doa, doa, doa... Mashavu akavuta pumzi, akaanza ubeti wa mguu.

Peke yake.

Wifi na mumewe walikuwa bado wakisema doa, doa, doa. Mashavu akanyamaza, akadhani majonzi yamemvuruga. Akawangoja, wakaingia pamoja kwenye ubeti wa mguu, neno kwa neno. Kikaja kibwagizo. Akakiimba kama alivyofundishwa na bibi yake, akamaliza, na wale wawili wakaendelea, doa, doa, doa, kama mvua ya masika isiyo na haraka. Manyoya ya shingo yakamsimama. Wimbo ulipokwisha alikuwa amesimama juu ya miguu yake.

"Rudieni!" akasema. "Wifi yangu, nakuomba, rudieni!"

"Kuna nini, Mashavu?"

"Rudieni kibwagizo! Kibwagizo tu!"

Wakarudia. Mashavu akapiga kelele iliyowaamsha popo. Kisha akatoka mbio, akateremka mlima, akavuka vichaka, miiba ikimng'oa manyoya naye hajali, mpaka kwa bibi yake. "Bibi! Inuka, bibi! Siyo laana! Siyo uchawi! Ni kibwagizo!"

"Mtoto huyu ameshikwa na nini?" alisema Bibi Tumwani. Lakini alimsikiliza hadi mwisho, na aliposikia, alisimama kwa miguu yake mibovu akasema, "Nipeleke."

Asubuhi ile iliyopangwa kuwa ya kufukuzana, madume wakiwa wamejipanga pande mbili, Mashavu aliingia katikati pamoja na bibi yake. "Mimi naondoka, mavyaa," alimwambia Bi Luziga. "Lakini kwanza imbeni wimbo wa yai. Wote. Na msiruke kibwagizo."

Shekivuli akaanza, na taifa zima likamfuata, juu na chini, koo kwa mamia. Ubeti wa jicho ulipanda kama sauti moja. Kikaingia kibwagizo, na ghafla upande wa mbugani ukawa umekwisha kuingia ubeti wa mguu, huku msitu mzima ukiendelea, doa, doa, doa! Sauti zikagongana, zikakanyagana, wimbo ukasambaratika wote. Wakasimama wakitazamana. Wengine wakajaribu tena. Ukavunjika pale pale.

"Mmesikia?" Mashavu alipaza sauti, mabawa wazi. "Hivyo ndivyo yai linavyosikia! Baba yuko kwenye doa, mama keshafika mguuni. Yai limfuate nani?"

"Kibwagizo?" Bi Luziga alisema polepole. "Kitu kisicho na neno ndani yake?"

Bibi Tumwani akamjibu: "Mwenzangu, sisi sote tuliambiwa hivyo. Kule kwetu nyasi ni fupi na maadui ni wengi. Mama alikatisha kibwagizo anyamaze mapema, bintiye akakatisha zaidi. Kwenu mvua ni ndefu na kivuli ni kingi, mama akarefusha, bintiye akarefusha zaidi. Hakuna aliyeamua. Hakuna aliyekosea. Beti tulizilinda kwa kuwa ukizikosea unaona kilema. Hiki hatukukilinda, kikakua kivyake huku na kikakua kivyake kule."

Kucha zikashuka. Na badala ya vita pakazuka shangwe, maana kila mmoja aliona dawa iko mdomoni mwake: jifunze kibwagizo cha mwenzako, basi! Msitu mzima ukageuka darasa. Mashavu na Shekivuli walikaa kutwa wakifundishana, akizidisha huyu, akipunguza yule, mpaka sauti zao zikaingiana kama vidole vya mikono miwili. Mashavu akataga. Wakaimba bila kugongana hata mahali pamoja. Na siku zilipotimia, yai moja likatikisika.

"Linatikisika!" wifi akapiga kelele, na watu wakaja mbio kutoka kila upande, wakakanyagana. Ganda likapasuka ufa mdogo, ukapanuka, kikatokeza kidomo. Kifaranga jike, mzima, miguu miwili, macho maangavu! Bi Luziga alipiga vigelegele mpaka akakaukiwa. Wakamwita Chereko.

Chereko alikua kwa haraka, akawa na mbio kushinda wa mbugani na mruko kushinda wa msituni. Mashavu alimtazama hakutosheka. Jambo moja tu lilimsumbua. Mtoto aliimba beti zote vizuri, lakini kibwagizo kilimkwama kooni. Alianza cha mama, akateleza kwenye cha baba, akarudi nyuma, akaanza upya. Wakamfundisha kifupi, akashindwa. Wakamfundisha kirefu, akashindwa.

Chereko akaolewa mbugani, akataga. Mayai viza. Baadaye akaolewa msituni, akataga. Viza. Watoto wa ndoa nyingine za juu na chini nao wakapatwa na yayo hayo. Na Mashavu, aliyekuwa ameketi kando ya kiota cha mwanawe akisikiliza, akaelewa jambo ambalo lilimchoma na kumwangazia kwa pamoja. Mdomo hufundishika, ndiyo. Lakini wimbo hauishi mdomoni. Toka mwaka wa moto ulikuwa umeshuka damuni, kila kizazi kikiuandika zaidi, na ndani ya Chereko vibwagizo viwili vilikuwa vimelala kitanda kimoja visiweze kupatana. Alikuwa mtoto kamili. Alikuwa pia mwisho wa njia.

"Mama, nina kosa gani?" Chereko aliuliza.

"Huna kosa hata chembe," Mashavu alisema, akimfunika kwa bawa. "Wewe ndiwe uliyetuonyesha tulivyo."

Akaenda mwenyewe kuwaambia. Alisimama mbele ya mataifa yote mawili akasema wazi: "Tulikuwa mmoja. Tumekuwa wawili. Hakuna mchawi, hakuna aliyelaaniwa. Muda umefanya kazi yake ndani yetu tukiwa tumelala. Vijana wetu wasipoteze masika yao wakiatamia mawe."

Bi Luziga akasogea mbele, amezeeka sasa. "Nilikuita tasa hadharani, mwanangu," alisema. "Nalifuta neno lile hadharani. Wewe ni mama wa Chereko, na mwenye macho kutushinda sote." Kisha akawageukia watu. "Lakini tunafanana kama matone ya maji. Kijana atajuaje, akiona madoa mbali, kwamba huyu ni wa wimbo wake? Tuvae alama."

Wazo lile liliwashika kama moto wa nyasi kavu. Watu wa mbugani wakakimbilia vichuguu, wakafinyanga udongo mwekundu, kila mmoja akajisimika pembe utosini, na jua likaikausha ikawa ngumu kama mfupa. Watu wa msituni wakachambua nyuzi nyeusi za mizizi, mbichi na zenye kujikunja, wakajitia kichwani kishungi. Wakatazamana wakaangua kicheko. "Hebu mwone yule!" "Na wewe je, umebeba mlima?" Wa pembe wakaitwa kanga. Wa kishungi wakaitwa kororo. Mashavu alivaa pembe, Shekivuli akavaa kishungi, wala hawakuachana. Walijenga pale miti inapoanza kupungua, pamoja na Chereko, ambaye alikataa alama zote mbili akabaki na kichwa chake laini, na vifaranga wa pande zote walipenda kukimbilia kwake kuliko kwa mama zao.

Na tangu siku hiyo kanga anatembea mbugani na pembe yake, na kororo anapita msituni na nywele zake za kujikunja, kila mmoja akimtafuta wa wimbo wake. Madoa wameyabakiza sawa. Wakikutana mpakani wakati wa kula, wanapekua jani moja bila ugomvi, na mwewe akitokea angani, yeyote atakayemwona kwanza hupiga kelele kwa ajili ya wote.